Maswali ya Wasomaji: Kosa la Anna ni lipi hasa?

SWALI: Kikundi chetu tunasoma Anna Karenina, riwaya ya Mrusi Leo Tolstoy, na tumegawanyika. Stiva anamsaliti mkewe na Mfaransa aliyekuwa akifundisha watoto wao nyumbani, na maisha yake yanaendelea. Anna, dada yake, anatengwa na mji mzima. Ni kwa kuwa ni mwanamke tu? (Msomaji, Mikindani, Mtwara)

JIBU: Uanamke umo, ila hautoshi. Mtazameni Betsy Tverskaya. Naye ni mke wa mtu, na hawara wake Tushkevich anajulikana na kila anayekunywa chai sebuleni kwake, wala hakuna anayemfungia mlango. Betsy ana sitara. Anna ameondoka kwa mumewe, Karenin, amezaa na hawara wake Vronsky, wanaishi pamoja hadharani. Hilo ndilo watu wakubwa wa Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, hawalimezi.

Rudieni Sehemu ya 5, sura ya 32 na ya 33, tena kwa mfuatano. Wengi hurukia tukio la opera, Anna anapoaibishwa mbele ya watu, kwa sababu ndipo penye kishindo, halafu wanamwona Anna mkaidi aliyejitakia. Anzeni ya 32. Betsy anaomba radhi kwamba hajisikii vizuri, lakini anamkaribisha Anna kati ya saa 12:30 jioni na saa 3 usiku. Saa hizo zimepimwa ili asikutane na mgeni yeyote. Na nani kaleta salamu? Tushkevich! Hawara wa mwenye nyumba ndiye anayetumwa kumpangia Anna saa za kuingia. Mkipita haraka hapo, mmepoteza nusu ya sura.

Ndipo muende opera. Bi Kartasova ananyanyuka kwa hasira na kutoka, akisema ni aibu kukaa karibu na Anna. Msimwangalie yeye. Mwangalieni mumewe, mnene mwenye kipara, anayechelewa nyuma akimtafuta Anna kwa macho apate kumwinamia kichwa. Anna anajifanya hamwoni.

SWALI: Mbona Karenin asitoe talaka yaishe? (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Talaka haikuwa mkononi mwake. Ilitolewa na Kanisa la Orthodox, na uzinzi ulihitaji ushahidi. Aliyepatikana na hatia hakuruhusiwa kuoa au kuolewa tena. Kwa hiyo ukweli ukisemwa, Anna anabaki bila ndoa. Ili aolewe na Vronsky, Karenin asiye na kosa angelazimika kujisingizia uzinzi. Huku nyuma, binti wa Vronsky kisheria ni wa Karenin.

Someni ziara ya Karenin kwa wakili, Sehemu ya 4, sura ya 5. Mteja anaumbuka mbele yake, na wakili anadaka nondo, wadudu walao vitambaa, wanaopita. Karenin akishaondoka, wakili anafurahi mno hata anaacha kudaka nondo: ameamua kwamba kufikia majira ya baridi yajayo viti vyake vitavishwa mahameli.