Chupa za jamu zigeuke pambo la jikoni

SWALI: Shikamoo anti, nina chupa tele za jamu na mayonezi, nataka nizitumie kuwekea viungo na maharage ila ziwe na mvuto, za dukani bei imenishinda. Lebo zinaacha gundi inanata na mifuniko inanuka. Nifanyeje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu, usizitupe kabisa hizo ni mali! Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, karatasi ikilegea bandua, halafu ile gundi iliyobaki ipake mafuta ya kula uache kama nusu saa ndo usugue na kitambaa, utaona inajiviringa vipande vidogo vidogo inatoka, kisha osha tena kwa sabuni. Stilwaya achana nayo, inachora kioo. Na maji yanayochemka usimimine kwenye chupa ya baridi, itapasuka. Mifuniko isugue na siki, suuza, anika juani.

Sasa urembo, hapo ndo raha yenyewe! Kwa fundi cherehani omba vipande vya kitenge, kata duara lizidi mfuniko kidogo, funika juu yake ufunge na kamba ya katani. Au hiyo katani izungushie chupa yenyewe kwa gundi nyeupe ya mbao, anzia chini upande juu, mizunguko ibanane kioo kisionekane katikati. Rangi paka nje tu, na ukingo wa juu uache wazi.

Kabla ya kujaza hakikisha ndani pamekauka kabisa, unyevu kidogo tu viungo vinaganda. Ya binzari weka kabatini, mwanga unaipausha.