Grainda ya nyumbani: anza na diski

Anayenunua grainda yake ya kwanza, mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma, huuliza ina wati ngapi. Swali la diski linafaa kutangulia, maana diski ndiyo inayopasuka, ndiyo inayonaswa, na ndiyo inayokata vidole.

Grainda ndogo huvaa diski ya milimita 115, ile ya inchi nne na nusu, na nyingi huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wa diski unakwenda mita 66 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 238 kwa saa. Kipande kikimeguka kwa mwendo huo, hutakiona kikija. Ndiyo maana kila diski imeandikwa mwisho wa mizunguko yake. Ya milimita 115 kwa kawaida husoma 13,300, na ya milimita 180 husoma 8,500 tu. Sasa fikiria anayevua kava, ile kinga inayofunika diski, ili aingize diski kubwa kwenye mashine ndogo: diski iliyoruhusiwa 8,500 anaizungusha 11,000, tena bila kinga. Hapo hakuna ufundi wa kuokoa. Mizunguko iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile ya mashine, na kava haling'oki.

Soma pia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski. Gundi inayoshika chembe za kusagia huchoka na hunyonya unyevu, kwa hiyo diski ya duka lenye sakafu ya maji yaweza kuwa mbovu ingawa inang'aa. Iliyoanguka au yenye ufa itupe, bei yake haifiki bei ya kushonwa uso. Diski nyembamba ya kukatia, milimita 1 hadi 3, haisagii kwa ubavu. Ukiiegemeza inapinda na kuvunjika. Kusaga kuna diski yake nene, ya milimita 6 hivi. Na msumeno wa meno wa kukatia mbao usiuweke kwenye grainda hata siku moja, jino likikamata mbao mashine inakurukia.

Unapofunga diski, chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi hakutoshi, kidole huteleza. Nati ya kubana ina pande mbili: upande wenye kidato huingia kwenye tundu la diski nene, na upande bapa hutazama diski nyembamba. Ukiugeuza vibaya, diski nyembamba haibanwi vizuri na itacheza. Kaza kwa spana yake, izungushe kwa mkono uone haigusi kava, kisha washa na uiache izunguke nusu dakika ukiwa pembeni, wala usisimame mbele yake. Ikitetemeka, zima.

Ajali ya kunaswa inahitaji maelezo zaidi. Chukua bomba la mraba, uliweke juu ya matofali mawili, kisha ukate katikati. Kadiri unavyokata, bomba linalegea chini, mdomo wa mkato unajifunga juu na kuibana diski. Mashine inatupwa nyuma, mara nyingi kuelekea kwako. Dawa yake ni kubana kipande kwa jiliwa au klampu, na kukata upande unaoning'inia nje, karibu na pale palipobanwa, ili mkato ufunguke wenyewe. Usikishike kipande kwa mguu, mazoea ya mitaani hayo. Kishikio cha pembeni kifungwe, mikono yote miwili ishike, na mwili usiwe kwenye mstari wa diski.

Cheche huruka mita kadhaa. Godoro, petroli, mtungi wa gesi na nguo zilizoanikwa kwenye kamba ziondolewe. Kioo na vigae pia vifunikwe, chembe za moto hujichimba na baadaye hutoa kutu usiyoweza kuisugua. Ukimaliza, rudi kukagua eneo baada ya nusu saa, maana maranda huwaka polepole. Vaa miwani inayofunika pembeni (ya jua haifai), kizibo cha masikio, na barakoa ukikata bomba lililopakwa zinki. Mikono mirefu isilegee, na glavu za kitambaa chenye nyuzi nyepesi ziache, zinavutwa.

Kuhusu umeme, ekstensheni iliyoviringishwa kwenye roli hupata joto, ifungue yote. Soketi iwe na waya wa ardhi, na ikiwezekana kinga ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30.

Jambo moja hufanyika sana huku kwetu. Umeme wa luku, ule wa kulipia kabla, unaisha katikati ya kazi, mtu anaweka mashine chini kwenda kununua tokeni, huku swichi imefungwa kwenye "washa". Tokeni ikiingia, grainda inaamka peke yake sakafuni, diski ikiwa upande usiojulikana. Kwa hiyo umeme ukikatika, zima swichi na chomoa plagi kabla hata hujatafuta simu.