Maswali na majibu: Fundi ameondoka, cheche imebaki

Swali: Cheche za grenda zinanipiga mkononi na siungui. Mbona fundi anataka nitoe godoro na maranda kabla hajakata nondo?

Jibu: Mshukuru, huyo anaijua kazi. Diski inang'oa chembe za chuma, msuguano unazipasha, kisha chuma chenyewe kinaungua hewani. Ndiyo maana zinang'aa. Joto lake hupita nyuzi 1,000, ila kwa udogo wake chembe hupoa upesi ikigusa ngozi. Ikizama kwenye maranda, pamba au sponji, inafukuta bila mwali, na moto unaibuka fundi keshalipwa. Za kuchomelea ni hatari zaidi: ni matone ya chuma kilichoyeyuka, yanaviringika mbali na kupenya kwenye nyufa. Ondoa kila kinachowaka hadi mita 11, ziba matundu, weka mchanga karibu, na mtu abaki akiangalia saa nzima baada ya kazi. Mafundi wengi hawabaki hata dakika tano. Na pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli usikubali lichomelewe eti "limeshakauka". Mvuke uliobaki unatosha kulilipua.

Swali: Kwa nini mkaa wangu unarusha cheche?

Jibu: Una unyevu, au haukuiva vizuri tanurini. Maji yaliyonaswa ndani yanageuka mvuke na kupasua kipande. Uanike juani.

Swali: Nikisikia harufu ya gesi usiku, niwashe taa nione inavuja wapi?

Jibu: Mara ngapi tena? Usiwashe, na iliyowaka usiizime. Swichi hutoa cheche kwa kuwasha na kwa kuzima, na gesi ya kupikia ikifika takriban asilimia 2 tu ya hewa inaweza kuwaka. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, si dirisha la juu peke yake. Funga mtungi, toa watu, simu upige ukiwa nje. Friji nayo hujiwasha yenyewe, kwa hiyo mtungi usikae kando yake. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni. Wa kiberiti wapo bado, na wanaendelea kuungua.

Swali: Ni kweli simu inalipua kituo cha mafuta?

Jibu: Mnahangaika na simu huku dumu linajazwa likiwa juu ya bodaboda. Petroli inayotiririka huzalisha umeme tuli, na plastiki haiupitishi. Liweke dumu chini, bomba liguse mdomo wake, jaza polepole. Ukijaza gari mwenyewe, usirudi kuketi katikati ya kazi: ukijisugua kwenye kiti unabeba chaji, na cheche inaruka pale utakaposhika bomba.