Laptopu ya zamani, waya wa mtandao, na zile taa mbili ndogo

Laptopu yangu ya zamani ilipoanza kukatakata Wi-Fi kila baada ya dakika chache, niliamua kurudi kwenye waya. Nilijua ni kazi ya kuchomeka tu. Ilinila jioni mbili, na sina wa kumlaumu: nilikimbilia draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya mtandao) kabla ya kutazama taa.

Kando ya tundu la waya kwa kawaida huwa na vitaa viwili. Kimoja huwaka pale waya unapokamata, kingine hupepesa data zinapopita. Kama laptopu yako haina, tazama upande wa ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Vyangu vilikuwa vimezima kabisa, nami nimeshafuta na kusakinisha draiva mara tatu! Taa zikizima huku laptopu na ruta vimewashwa, anza na waya: ubadilishe, au uhamishie kwenye tundu jingine la ruta. Nilipougusa ule wangu, taa ikawaka nusu sekunde ikazima. Kuuchomoa nikaona kile kilimi cha plastiki kinacholia “tik” kimevunjika, kwa hiyo kichwa kilikuwa kinalegea tunduni. Waya mwingine, taa ikawaka palepale.

(Laptopu nyingi za miaka ile zina matundu mawili yanayofanana. Lile jembamba ni la laini ya simu. Usicheke, wapo waliohangaika nalo.)

Taa zikawaka, intaneti hakuna. Hapo ndipo nilipofungua dirisha jeusi la amri nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani iliyotokea ilianza na 192.168.10, wakati ruta yangu inagawa zinazoanza na 192.168.1, yaani namba ya tatu ni 1, si 10. Nikakumbuka: laptopu hii iliwahi kutumika ofisini, na mtu wa mitambo wa huko aliiandikia anwani kwa mkono. Imebaki na anwani ya nyumba iliyohamwa zamani. Andika ncpa.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, bofya kulia muunganisho wa waya, ingia kwenye sifa zake, chagua IPv4 (aina ya anwani hizi za namba), kisha iache ipokee anwani yenyewe, na za DNS (seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) vilevile. Mimi ilikubali hapohapo.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, hilo ni jambo jingine: laptopu imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa ya kwake. Zima ruta, iwashe tena, halafu ukague waya upya.

Draiva nayo ina siku yake, hasa ukiwa umetoka kusakinisha Windows upya na muunganisho wa waya hauonekani kabisa kwenye orodha. Kwanza ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) uhakikishe kadi ya mtandao haijazimwa. Kama imewashwa, unabaki na kitendawili: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti inataka draiva. Unganisha simu kwa waya wa USB na uiruhusu igawe intaneti. Mara nyingi laptopu huitambua bila kuongezewa chochote. Ikigoma, pakua kwenye kompyuta nyingine ulete kwa flashi. Tafuta kwa namba kamili ya modeli iliyobandikwa chini ya laptopu, na uachane na zile programu zinazojinadi kukutafutia draiva zote kwa mpigo. Nyingi huja na takataka zake.

Kuhusu kasi, usitarajie makubwa. Kadi nyingi za zamani zinaishia megabiti 100 kwa sekunde, ambazo kwa video na kazi za kawaida zinatosha na kusaza. Kama kadi yako ni ya 1000 na bado inaonyesha 100, shuku waya: kasi ya 100 inahitaji nyuzi nne tu kati ya nane, ile ya 1000 inazitaka zote. Uzi mmoja wa zile nne za ziada ukikatika, mara nyingi inashuka kimyakimya. Na kama tundu lenyewe limekufa, adapta ya USB itakuokoa, ila kwenye USB 2.0 haitavuka 480 hata ikiwa imeandikwa 1000.

Jambo la mwisho lililonisumbua ni mtandao kukatika kila nikiiacha laptopu dakika kadhaa. Kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), ndani ya sifa za kadi ya mtandao, kuna tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Niliitoa, na tangu hapo ile taa ya kijani haijazima tena.