Kabla ya kulipia Fuso ya mtu, soma kadi na ulale chini ya chasisi

Injini ya lori la Fuso ikifa, inafufuka. Mafundi wa injini zake za 6D16 na 6D17 wamejaa kuanzia Dar es Salaam mpaka Tunduma, vipuri vipo, na ukiwa na hela gari linarudi barabarani. Vitu viwili havifufuki kirahisi: kadi ya umiliki yenye matatizo na chasisi, yaani fremu ya chini, iliyochoka. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Wanasikiliza injini nusu saa nzima, wanapiga tairi mateke, halafu kadi wanaitupia jicho mara moja na chini ya gari hawaingii kabisa. Ukinunua kwa mtu binafsi hakuna dhamana, wala hakuna duka la kurudisha mali. Pesa ikishatoka mkononi, kila deni na kila ufa ni wako.

Kwenye kadi, anza na jina. Lifanane na kitambulisho cha mtu aliyesimama mbele yako. Mara nyingi halifanani, kwa sababu muuzaji naye alinunua kwa mtu mwingine na hakubadilisha umiliki ili kukwepa gharama. Atakwambia, "Mwenye kadi ni ndugu yangu, tukimhitaji atakuja kusaini." Usilipe juu ya maneno hayo. Aje kwanza. Huenda bado anadai salio, huenda amehama nchi, huenda amefariki. Akiwa amefariki, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tena aoneshe barua yake. Mtoto mkubwa aliyekuwa akiendesha gari hilo tangu mzee yuko hai hana mamlaka hayo, hata kama mtaa mzima unamtambua. Na muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, mwenza wake asaini mkataba. Gari linalolisha familia likiuzwa kimyakimya, ugomvi wa ndani ya nyumba yao utakufuata mpaka mahakamani.

Kadi mpya kwenye gari kuukuu nayo ikushtue. Mtu aliyeweka kadi rehani kwa mkopeshaji wa mtaani anaweza kwenda polisi kuripoti kwamba imepotea, akapata nakala, akakuuzia gari. Kadi ya mwanzo iko kwenye droo ya mtu anayedai. Uliza kwa nini kadi imetolewa upya, omba kuona taarifa ya upotevu, na ulinganishe tarehe. Mkopo wa benki ni rahisi kuugundua, kwa kuwa mara nyingi jina la benki huandikwa pamoja na la mwenye gari. Hapo dai barua ya benki inayosema deni limeisha, na jina lake liondolewe kabla hujamaliza malipo.

Nenda na muuzaji ofisi ya TRA, mamlaka ya mapato, namba ya gari isomwe kwenye mfumo: mmiliki ni nani na kuna zuio gani. Gari lililoingia kwa msamaha wa kodi, kama yale ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP, linadaiwa kodi likienda kwa mtu asiye na msamaha. Lenye namba za Zanzibar nalo lina taratibu zake za forodha kabla halijawa la Bara. Angalia pia faini za usalama barabarani kwa namba ya gari, na uulize polisi kama kuna kesi ya ajali ambayo gari hilo ni kielelezo. Leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima usizihesabu kama sehemu ya bei, andaa zako.

Sasa vua shati, chukua tochi, ulale chini.

Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma cha fremu upande wa kulia, usawa wa gurudumu la mbele. Futa tope na grisi, weka karatasi nyembamba juu yake, usugue kwa penseli. Herufi zitatokea kwenye karatasi kama zilivyogongwa. Zilizogongwa kiwandani zina kina kimoja na nafasi sawa. Ukiona moja imeinama, sehemu imesagwa ikawa laini kuliko kuzunguka kwake, au kipande cha chuma kimechomelewa chenye namba, kunja karatasi yako uondoke. Hakuna punguzo la bei linalotibu hilo. Namba ya injini nayo ilingane na kadi. Kubadilisha injini si kosa, kosa ni kubadilisha bila kuandikisha, na atakayehangaika kaunta siku ya kuhamisha umiliki ni wewe.

Fuso za kwetu hubeba kuliko zilivyoundwa kubeba, na chasisi ndiyo inayokumbuka. Nyufa huanzia sehemu tatu: nyuma ya kabini pale bodi inapoanzia, kwenye mashikio ya springi za nyuma, na kwenye kona za vyuma vya kukatiza. Ufa unaofanya kazi hutoa unga mwekundu wa kutu, kama mstari wa damu kavu kwenye rangi. Rangi mpya chini ya gari ambalo kabini yake imepauka, jua kuna kitu kimefunikwa. Hapo tumia mafuta ya taa na chaki. Paka mafuta ya taa sehemu unayoitilia shaka, subiri kama dakika kumi, kausha kwa kitambaa, kisha paka chaki nyeupe. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Ni kipimo cha shilingi mia chache, na kinaona kisichoonekana kwa macho.

Ufa uliochomelewa usikutulize. Moto wa kuchomea hudhoofisha chuma cha fremu kando ya mshono, ndiyo maana ufa mpya hutokea sentimita chache pembeni ya ule wa zamani. Ukikuta viraka viwili vimefuatana, chasisi hiyo imeshaanza safari ya mwisho. Halafu chukua futi ya utepe, pima mshazari: kutoka boliti ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo vikipishana zaidi ya sentimita moja, fremu imepinda. Itakula tairi, na hakuna alaimenti itakayoiponya.

Tandam, yaani ekseli mbili za nyuma zilizo pamoja, zisizo za kiwandani zinahitaji jicho la pekee. Kwanza, kadi inaandika idadi ya ekseli. Ikisema mbili na chini kuna tatu, gari halijaandikishwa kama lilivyo. Pili, angalia kama springi za ekseli mbili za nyuma zimeunganishwa kwa mkono wa kusawazisha mzigo. Kila ekseli ikiwa na springi zake peke yake, barabara ikiinuka kidogo moja hubeba karibu mzigo wote. Ukifika mizani ya Vigwaza jumla iko sawa, lakini ekseli moja imezidi, na unalipia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 ekseli ya mbele, tani 10 ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, na tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma zikiwa pamoja. Kwa hiyo Fuso ya ekseli mbili haivuki tani 18 pamoja na uzito wake yenyewe. Muuzaji akijisifu kwamba "hii inapiga tani ishirini bila shida", amekueleza mwenyewe jinsi ilivyoteswa.

Injini ikague asubuhi, na weka kiganja juu yake kabla ya salamu. Ikiwa na joto, imewashwa mapema ili isikuoneshe inavyoamka. Fungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya baridi: mafuta yanayoelea juu ya maji mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe. Iwashe, uache dakika kumi, kisha ufungue kifuniko cha kujazia oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Ikipumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinacheza, ringi na slivu zimekwisha, na hiyo ni ovaholi ya kukata kwenye bei. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua. Oili nzito kupita kiasi kwenye kijiti, inayovutika kama asali, mara nyingi imewekwa kunyamazisha kugonga. Upepo wa breki ukishajaa, zima injini, kanyaga breki ushikilie dakika moja. Mshale wa geji ukishuka zaidi ya nusu kilo ya presha, kuna panapovuja.

Usijaribu gari tupu. Klachi inayoteleza, gia inayoruka ukiwa unashuka mlima na difu inayolia huonekana gari likiwa na mzigo. Lipia hata tripu moja ya mchanga, upande nalo kilima.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, ukiwa na namba ya chasisi, namba ya injini na kasoro zote mlizokubaliana. Pesa iingie kwenye akaunti ya benki yenye jina lilelile la kwenye kadi, si ya dalali, si ya shemeji. Bakiza sehemu, hata asilimia kumi, ilipwe siku kadi mpya ikitoka na jina lako. Muuzaji mwaminifu hukubali hilo bila kelele. Anayekasirika, mpe nafasi ya kumtafuta mteja mwingine. Na usimalizie hela yote kwenye kununua. Wiki ya kwanza utabadilisha oili ya injini, ya gia na ya difu, utafungua haabu zote za magurudumu kupaka grisi mpya kwenye beringi, na utaangalia tairi kwa tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wake: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, na tairi ya namna hiyo haifai kuwa mbele hata kama meno yake bado marefu.