Sanduku la Msafiri: Saa chache Cartagena, na mwongozaji wenu wenyewe

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi na mama yangu tutasafiri kwa meli ya kitalii inayozunguka Karibi. Siku moja itafunga gati Cartagena, Kolombia, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kampuni ya meli inauza ziara ya basi, lakini nimesikia mtu anaweza pia kukodi mwongoza watalii wake binafsi. Mama alifundisha historia sekondari mpaka alipostaafu, na anachotaka hasa ni habari za Waafrika waliopelekwa kule. Magoti yanamsumbua, hawezi ngazi nyingi wala kusimama kwa muda mrefu. Je, ziara binafsi inastahili gharama yake? Tumpateje mtu wa kuaminika, na tuanzie wapi?
Binti wa Mwalimu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Msalimie sana mama.

Kwa hicho anachokitafuta, chukueni ziara binafsi. Nilifanya kazi ya uhudumu wa vyumba katika meli za aina hiyo kwa miaka, na Cartagena ndiyo bandari niliyokuwa nikiingoja kuliko zote. Niliwahi kufuatana na abiria wa basi. Tukakaa sana kwenye duka la zumaridi, kisha uwanja waliouziwa watu tukaupita kwa sentensi moja, kundi zima likimkimbilia mshika kibendera. Niliumia. Mkiwa na mwongozaji wenu, nyinyi ndio mnaoamua ni kipi kipewe saa nzima na kipi kitazamwe kupitia dirisha la gari. Hicho ndicho mnachokilipia, na kwa mwalimu wa historia si anasa.

Kumpata si kazi ngumu. Sheria ya Kolombia inamtaka kila mwongoza watalii awe na kadi ya kitaaluma na awe ameandikishwa katika Registro Nacional de Turismo, daftari la taifa la utalii. Omba namba yake ya usajili kabla ya kutuma malipo yoyote, na mkikutana mwambie aitoe kadi. Aliye halali hawezi kuchukia kuulizwa. Halafu mwandikie, kwa maneno yako mwenyewe, mambo ambayo mama anataka kuyasikia, kisha usome jibu lake kwa makini. Akikuletea orodha ileile anayompa kila mgeni, mwache. Akikuuliza kama mama anapenda zaidi habari za kanisa, za vita vya uhuru au za watumwa watoro waliojenga vijiji vyao, huyo mshike. Bei mimi huiangalia baada ya hapo.

Mwandikiane kila kitu. Bei ni ya nyote wawili au ya kila kichwa? Gari lina kiyoyozi, na litakuwa nanyi muda wote au litawashusha na kuondoka? Viingilio vimo ndani? Anazungumza lugha gani mbali na Kihispania, na anaizungumza vizuri kiasi gani? Mpigie simu umsikie. Na meli ikishindwa kufika, jambo ambalo hutokea bahari ikichafuka, malipo ya awali yanarudi? Malipo yaliyobaki mpeni mwisho wa safari, kwa peso. Angalieni sifuri kwenye noti, maana elfu kumi na laki moja huchanganya mgeni aliyechoka, na wauza vitu vidogo hawana chenji ya noti kubwa.

Meli za kitalii hufunga kwenye gati la mtaa wa Manga, si mbali na mji wa kale. Nje ya geti madereva huwazonga abiria, na kila mmoja atakwambia ndiye aliyetumwa. Kwa hiyo mwombe mwongozaji akutumie picha yake na mkubaliane mahali hasa pa kukutania. Ikibidi mpande teksi, fahamuni kwamba teksi za Cartagena hazitumii mita. Bei inakubaliwa kabla mlango haujafungwa. Ulizeni pia mapokezi ya meli kama saa ya melini ni sawa na saa ya Kolombia. Si lazima zilingane, na nimeona watu wazima wakikimbia gatini kwa sababu hiyo. Mimi ningetaka mama awe amerudi ndani saa nane na nusu.

Hiyo inatupa asubuhi, na asubuhi ndiyo inayofaa. Mji ule una joto mwaka mzima, na kufikia saa sita mchana mawe ya kuta yanatoa moto. Shukeni mapema kadiri meli itakavyoruhusu. Kofia, maji, viatu vyenye soli ngumu, maana njia nyingi za mji wa kale zimetandikwa mawe.

Anzeni Torre del Reloj, mnara wa saa wenye rangi ya njano juu ya lango kuu la mji wa kale. Mkipita chini ya lango mnatokea Plaza de los Coches. Ni uwanja mzuri kwa macho: balkoni za mbao, sanamu ya Pedro de Heredia, Mhispania aliyeuanzisha mji mwaka 1533, na upande mmoja baraza la Portal de los Dulces wanapouza vitamu vya nazi. Katika uwanja huu ndimo Waafrika walimokuwa wakiuzwa. Tangu mwaka 1595 hivi mpaka 1640, Cartagena ilikuwa bandari kuu ambayo ufalme wa Hispania uliiruhusu kupokea watumwa kwa ajili ya makoloni yake ya Amerika. Wengi waliletwa kutoka Guinea ya Juu, yaani pwani ya Afrika Magharibi, na Angola. Mtafutie mama mahali pa kukaa barazani, kwenye kivuli, na mwambieni mwongozaji asiondoke haraka. Asimulie watu walivyoshushwa wakiwa wagonjwa, walivyolishwa ili wapandishiwe bei, walivyopigwa chapa ya moto, na walikopelekwa baada ya hapo: wengine machimbo ya dhahabu ya Antioquia, ndani ya Kolombia, wengine Panama na kisha Peru. Kama hayo hayajui, mmeshajua mlichonunua, na siku bado changa, mwelekezeni mnachotaka.

Kutoka hapo mnavuka Plaza de la Aduana, na baada ya dakika chache mko kanisa la San Pedro Claver. Claver alikuwa Mjesuiti, yaani padri wa shirika la watawa wa Kikatoliki, kutoka Hispania. Alifika Cartagena mwaka 1610, akafia hapo 1654. Meli ya watumwa ilipoingia alikwenda kuipokea na maji, matunda na dawa, na mwaka 1888 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu. Mifupa yake imo katika sanduku la kioo chini ya altare kuu. Nyumba ya watawa iliyo ubavuni ina ua wenye miti. Vyumba vya juu vina ngazi, kwa hiyo mama akae uani, wewe upande umletee picha.

Hapa kuna jambo ningependa sana mama aliulize. Claver hakujua lugha nyingi za watu waliokuwa ndani ya meli zile. Wajesuiti walikuwa na Waafrika waliomtafsiria, nao walikuwa watumwa wa nyumba ileile ya watawa. Mmoja wao ni Andrés Sacabuche, mzaliwa wa Angola. Claver alipofariki na kesi ya kumtangaza mtakatifu ikafunguliwa, wakalimani hao waliitwa kutoa ushahidi, na maneno yao yameandikwa. Kwa watu wa hali yao, karne ile ya 17, hilo ni adimu mno. Bila sauti zao Claver angekuwa mtu anayepunga mikono melini, na bado nyumba iliyomlea mtakatifu huyo iliwamiliki. Mwongozaji mzuri atayaweka yote mawili mezani bila kukwepa. Nilikutana na mmoja, mama wa makamo, aliyesimulia habari hizo kwa utulivu kiasi kwamba hata walinzi wa mlangoni walisogea kusikiliza. Mtafuteni wa namna hiyo.

Plaza de Bolívar ni hatua chache mbele, na ina miti na viti. Hapo pana jengo la Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki ya kuwahukumu walioshukiwa kuiasi imani, iliyoanzishwa Cartagena mwaka 1610. Mkiwa na muda ingieni ghorofa ya chini. Kama hamna, mwambieni mwongozaji awasimulie hapo nje habari za Paula de Eguiluz, mganga mwenye asili ya Kiafrika aliyeshtakiwa mara tatu mbele ya mahakama hiyo kwa uchawi.

Sasa ingieni garini mwende Getsemaní. Mtaa huu uko nje kidogo ya lango, na zamani ulikuwa wa mafundi, wavuvi na Waafrika walioachwa huru. Tarehe 11 Novemba 1811 watu wake, wakiongozwa na Pedro Romero, fundi wa chuma mwenye damu ya Kiafrika kutoka Kuba, waliandamana mpaka viongozi wa mji wakatia saini tamko la uhuru kamili kutoka Hispania. Sanamu yake iko Plaza de la Trinidad, mbele ya kanisa. Lakini mueleze mama na hili, maana atauliza: uhuru wa nchi haukuwa uhuru wa watumwa. Sheria ya kuufuta utumwa Kolombia ilipitishwa 1851 ikaanza kazi Januari 1852, miaka arobaini baada ya Romero. Siku hizi Getsemaní imejaa michoro ya ukutani na hoteli, na wenyeji wengi wamehama kwa kuwa kodi zimewashinda. Kuleni hapo, kwenye mkahawa wa watu wa mtaa: samaki wa kukaanga, wali wa nazi, na patacón, yaani ndizi mbichi zilizobondwa na kukaangwa mara mbili. Bili ikija watakuuliza kama waongeze asilimia 10 ya huduma. Ni hiari yenu.

Ngome ya San Felipe de Barajas nawashauri muitazame kutoka chini. Najua kila kitabu kinaitaja, na kweli ni kazi kubwa ya ujenzi, yenye njia za chini kwa chini. Ila njia ya kupanda ni mteremko mkali usio na kivuli, na kwa magoti ya mama hapana. Chini yake pana sanamu ya Blas de Lezo, jemadari mwenye jicho moja, mkono mmoja na mguu mmoja aliyeulinda mji mwaka 1741 dhidi ya kundi kubwa la manowari za Uingereza chini ya Edward Vernon. Gari lisimame hapo, mpige picha, mwondoke.

Kuhusu usalama: mchana, mji wa kale na Getsemaní vina watu na polisi, nanyi mtakuwa na mwenyeji. Acheni dhahabu melini, simu isikae mkononi barabarani. Vijana wa kughani watawafuata wakiimba majina yenu na kutaka pesa. Semeni "no, gracias" kwa upole mkiendelea kutembea. Namba ya dharura ni 123.

SWALI

Bibi, mimi nitakaa Cartagena siku kadhaa kwa ajili ya mkutano. Nikipata siku moja ya mapumziko, niende San Basilio de Palenque au visiwani?
Mjumbe

JIBU

Palenque, tena na mwongozaji aliyezaliwa hapohapo. Kiko kama kilomita 50 kutoka mjini. Ni kijiji cha uzao wa watoro waliokimbia utumwa, na kiongozi wanayemkumbuka ni Benkos Biohó, ambaye Wahispania walimuua Cartagena mwaka 1621 licha ya mapatano waliyokuwa wamefanya naye. Sanamu yake iko uwanjani, minyororo imekatika. Wana lugha yao yenye mizizi ya Kihispania na Kikongo, nyimbo zao za msiba ziitwazo lumbalú, na bondia wao Antonio Cervantes "Kid Pambelé", aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1972. Mwongozaji wa mjini asiye na mtu kule atakuzungusha uwanjani na kukurudisha. Aliyezaliwa kule atakuingiza nyumba za watu, kwa hiyo usiende mikono mitupu: nunua vitamu vyao na lipa wapiga ngoma.

Wale kina mama wa nguo za rangi na sinia la matunda kichwani utakaowaona mjini ni wa jadi ya kijiji hicho. Kumpiga picha ni kwa malipo, na ni haki yake, ndiyo kazi yake. Kubalianeni kwanza kiasi, na kama ni kwa picha moja au zaidi.

Ukipata siku ya pili, nenda visiwa vya Rosario. Bahari ya mbele ya hoteli za Bocagrande ni ya kijivu na haina sifa ya kukusafirisha. Maji masafi yako visiwani, katika hifadhi ya taifa ya matumbawe. Boti nyingi huondoka asubuhi kutoka Muelle de la Bodeguita, na kuna tozo ya gati ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyotajiwa. Kama ni kati ya Desemba na Machi, upepo wa alasiri huchafua bahari, basi ulizia boti inayorudi mapema, ukakae nyuma, ambako mawimbi hayarushi sana.