Re: Niache kushabikia Bengals?

Mkuu, umeuliza kama uiache Cincinnati Bengals, timu ya NFL (ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani), kisa washkaji wa kijiweni Sinza wanakucheka eti unashabikia timu ya wafungwa. Aisee kucheka wana haki kidogo, kati ya 2006 na mwanzoni mwa 2007 pale walikamatwa wachezaji kama tisa hivi ndani ya miezi michache, Chris Henry peke yake alidakwa zaidi ya mara moja, sasa jina litaachaje kuchafuka? Ila wale wote walishaondoka kitambo, kilichobaki ni jezi tu.

Halafu usichanganye kukamatwa na kutiwa hatiani, hata hapa Dar mtu analala sentro (polisi) siku mbili anatoka bila kesi na mtaani washamwita jambazi. Mfano wa aliyehukumiwa kweli ni Michael Vick wa Atlanta Falcons, 2007 alipigwa miezi 23 kwa kesi ya kupiganisha mbwa, mbona hao washkaji Falcons hawaigusi? Mwaka huohuo kamishna wa NFL Roger Goodell akakaza sheria za nidhamu, Pacman Jones wa Tennessee Titans akafungiwa msimu mzima (baadaye akasajiliwa hapohapo Bengals, hapo sina utetezi hahaha).

Mi ningebaki. Ila siku mchezaji wako akidakwa kwa kumpiga mwanamke usianze kumtetea kisa kafunga touchdown jumapili, subiri mahakama, na kijiweni kaa kimya. Wakizidi waambie wakutajie hata wachezaji watatu wa Bengals ya sasa, uone kama watajibu.